Boti Iliyonyweshwa Maji Dagoretti

Mtaani kwetu Satellite, Nairobi, imezoeleka kusemwa kwamba niliifufua boti ya zamani ya serikali kwa mikono yangu mwenyewe. Hata siku ya kuishusha ziwani, mgeni wa heshima alinishukuru mimi peke yangu, watu wakapiga makofi, nami sikupewa nafasi ya kumsahihisha. Jambo hilo linanikera hadi leo. Nilitumikia ofisi ya umma maisha yangu yote ya kazi, na sijapata kutia sahihi chini ya kazi ya mtu mwingine. Kwa hiyo naandika mambo yalivyokuwa.

Boti yenyewe ni ya mbao tupu, ndefu kuliko basi, na zamani ilibeba wagonjwa na barua kati ya visiwa vya Ziwa Viktoria. Idara yetu iliipiga mnada baada ya injini zake za petroli kufa. Mtu aliyeshindana nami kuinunua alitaka kuni za kuchomea matofali. Mimi niliitaka kwa sababu shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ni muuguzi wa zahanati katika kisiwa kimojawapo, na wagonjwa wake walikuwa wakivushwa kwa mitumbwi isiyo na paa. Nilikuwa nimemwahidi chombo.

Wengi waliniuliza kwa nini niilete Nairobi, mahali pasipo ziwa. Sababu ni kwamba mbao, injini na mafundi niliowajua walikuwa huku. Mfanyabiashara wa mbao, mzee wa Kisikh tuliyefahamiana tangu nikiwa kazini, alinipa nafasi katika yadi yake Dagoretti. Alikuwa na sharti moja tu. Alikuwa akifunga biashara ili ahamie kwa watoto wake, na mnunuzi wa yadi angekabidhiwa mwisho wa mwaka. Chochote ambacho kisingeweza kuondoka siku hiyo kingekatwa kwa msumeno. Alinieleza hivyo kwa huzuni, na sikumlaumu.

Injini tuliitafuta katikati ya jiji, kwenye maduka ya vipuri. Mwenye duka, Mwislamu ambaye babu yake ndiye aliyelifungua, aliniuliza swali wanalouliza wote: injini ni ya gari gani? Nikamjibu kwamba ni ya boti.

"Boti ya wapi, mzee? Nairobi Dam?"

Duka zima likacheka. Hata hivyo jioni hiyo alikuja Dagoretti na shati lake jeupe, akalala kifudifudi ndani ya boti kupima nafasi, kisha akatuchagulia injini ya dizeli ya lori, pamoja na fundi wa kuifunga na kuiunganisha na rafadha, ile panga inayosukuma boti majini. Hakuwa na wajibu wowote wa kufanya hivyo.

Kosa letu lilikuja kwenye mbao. Kilikuwa kiangazi, na hewa ya Nairobi ilikuwa imezikausha hadi mianya kati ya ubao na ubao ikapitisha kidole. Mwenye yadi, fundi wa injini na mimi, sote tuliona ubovu pale palipokuwa na ukavu tu. Tukafanya afanyavyo mtu yeyote wa Nairobi akiona bodi yenye tundu: tukamwita fundi wa bodi za magari. Akajaza mianya yote filla ngumu, ule uji wa kuzibia bodi unaokauka kama jiwe, akapiga msasa, akapaka rangi. Boti iling'aa kama gari linalotoka gereji, nasi tukapiga picha mbele yake.

Mvua za vuli zilipoanza, upepo uling'oa mabati ya kibanda na boti ikanyeshewa. Mbao zilivimba zikakosa pa kwenda. Filla ilibanduka vipande vipande, na ubavu mmoja wa boti ukapasuka kwa mlio uliosikika hadi barabarani. Mzee wa Kisikh aliweka kiganja juu ya ufa.

"Bwana Afisa," akaniambia, "ingepasuka hivi ziwani, wagonjwa wakiwa ndani."

Tulilazimika kung'oa filla yote, kubadilisha ubavu, na kuziba mianya kwa pamba iliyopakwa shahamu, ambayo hukubali kubanwa. Kisha mbao zilipaswa kuvimbishwa polepole kabla ya safari. Shahamu tulipewa na wachinjaji wa machinjio ya jirani, debe baada ya debe. Maji ndiyo yaliyotushinda. Mvua ilikuwa imekatika ghafla, maji ya mifereji yalikuwa ya zamu, na siku ya kukabidhi yadi ilikaribia.

Jirani wa yadi, mwenye nyumba za kupangisha, alikuwa na kisima ambamo mtaa mzima ulichota maji. Sikumwomba kitu. Alikuja mwenyewe, akaitazama boti iliyofunikwa magunia makavu, akatoa amri langoni pake: kila achotaye maji, mtungi wa kwanza aumwage juu ya magunia. Nilitarajia manung'uniko, nikasikia mizaha.

"Ng'ombe ya mzee imekunywa leo?" aliuliza kila asubuhi mama muuza viazi, aliyetupa yale magunia.

"Imekunywa, lakini haijashiba," foleni ikamjibu.

"Basi ipatieni ingine. Hii si ya kuchinja."

Nimewahi kushuhudia idara mbili zikishindwa kukubaliana juu ya meza moja. Watu hawa, ambao wengi wao hawajaliona ziwa, walibeba maji kwa ajili ya wagonjwa wasiowajua, na hakuna aliyetaka jina lake litajwe.

Lori la kubebea matrekta lilifika siku ile ile ya makabidhiano. Mwenye yadi mpya alikuwa tayari langoni na watu wake wa msumeno. Tulipofunua magunia, mianya ilikuwa imefumba. Fundi akawasha injini, ikanguruma, akaizima. Watu wa msumeno ndio waliotusaidia kufungua lango.

Ziwani boti iliingiza maji kidogo saa za kwanza, kisha ikakaza. Shemeji aliinua mbao za sakafu, akapapasa chini, akanionyesha kiganja kikavu.

Nilimpigia simu mzee wa Kisikh huko kwa watoto wake. Habari za sherehe hakuziulizia. Alitaka kujua kama inavuja. Nikamwambia haivuji, na kwamba shemeji ameshaondoka nayo kumfuata mgonjwa.

"Basi yadi nimeifunga vizuri," akasema.