Meseji ya Mbuzi

Jina lake la kwenye cheti halikuwahi kutumika. Baba yake alianza kumwita Pia akiwa na miaka mitatu, kwa sababu alizunguka nyumba nzima kama pia iliyopigwa kamba, na alipochoka alilala palepale alipoangukia. Ofisini jina hilo lilizua vurugu zake. "Pia amekuja?" "Amekuja." "Na mgeni?" "Mgeni pia." "Mgeni wa Pia, au mgeni pia?" Wenzake walikuwa na utani huo kwa miaka minne na hawakuonyesha dalili ya kuuchoka.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na mitatu, anatengeneza programu za kompyuta katika ofisi ya watu sita, ghorofa ya pili juu ya duka la magodoro. Ni kazi ya kukaa, na Pia hakujua kukaa. Akiwaza alitembea. Alikwenda dirishani, akarudi, akaandika mistari mitatu, akaenda kujaza chupa ya maji iliyokuwa imejaa. Kiti chake kilikuwa kipya kuliko vyote pale, maana kilikuwa hakikaliwi.

Nyumbani, alikoishi na mama yake, mambo yalikuwa yaleyale. Kulikuwa na gitaa lenye nyuzi nne, makopo ya rangi yaliyokauka, na sweta la kufuma lenye mkono mmoja.

"Hili anavaa nani?" mama yake aliuliza kila alipolikuta kwenye kochi.

"Nitalimalizia, mama."

"Sawa. Tumtafute kabisa mtu mwenye mkono mmoja."

Mwezi huo zamu ilikuwa ya baiskeli. Aliinunua kuukuu, akaifumua yote kibarazani, akaiunga tena, zikabaki skrubu mbili ambazo hakujua zimetoka wapi. Akazitia mfukoni na kuipanda hivyohivyo.

Jumatatu moja saa nne asubuhi alikuwa anajaribu programu ya maktaba ya mji. Programu ilikuwa ya kuwatumia wasomaji meseji za kuwakumbusha warudishe vitabu. Majaribio yanataka maneno yoyote tu. Mwenzake wa meza ya pili, kijana mtulivu waliyemwita Taratibu, siku zote aliandika "jaribio la kwanza, jaribio la pili". Pia aliona hiyo ni kujizeesha bure. Akaandika: *Mbuzi amekula kitabu chako. Fika maktaba haraka.*

Akabonyeza, akaitazama simu yake. Kimya. Akahesabu mpaka kumi, akabonyeza tena. Akaenda dirishani, akarudi. Kimya.

"Subiri kidogo," Taratibu alisema bila kuinua macho. "Meseji zinapanga foleni."

"Foleni gani ya mtu mmoja?" Akabonyeza mara ya tatu.

Ndipo simu ilipoita. Alikuwa mama yake.

"Mwanangu, hao watu wa maktaba wana nini? Wameniandikia eti mbuzi amekula kitabu changu. Kitabu ninacho hapa mkononi. Hata kukunjika hakijakunjika."

Pia alisimama palepale alipokuwa. "Mama, kwani wewe ni mwanachama wa maktaba?"

"Tangu hujazaliwa. Ungekuwa unatulia nyumbani ungejua. Ngoja, imeingia nyingine. Na nyingine tena! Huyu mbuzi ana hasira gani?"

Pia aligeukia kompyuta. Ijumaa alikuwa ameingiza orodha halisi ya wasomaji, aone tu kama inasomeka, kisha akakumbuka jambo jingine, akanyanyuka, na kuisahau humo. Majina elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Mara tatu tatu.

Bosi wao alikuwa mtu wa sauti ya chini, na alipokasirika aliishusha zaidi, mpaka ukalazimika kumwinamia. "Dada Pia," alisema, "nenda maktaba sasa hivi. Umweleze kila atakayefika. Ukae pale mpaka mtu wa mwisho aondoke."

Neno "ukae" ndilo lililomchoma.

Alipofika, watu walikuwa wamejaa hadi kwenye ngazi za nje. Mkutubi, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, alimwonyesha kiti na meza kando ya mlango. Kwa sababu ya kazi yake alinong'ona tu, lakini mnong'ono wake ulitisha kuliko kelele za mtu mwingine. "Hapo. Usinyanyuke."

Pia akakaa. Alieleza, akaomba radhi, akaeleza tena. Magoti yalimcheza chini ya meza. Mwanafunzi mmoja alitaka kujua kama mbuzi ni fumbo na kama litatoka kwenye mtihani. Mama mmoja alimsogezea simu usoni: "Ya kwanza nilishtuka, ya pili nikakasirika, ya tatu nikaamini." Mwalimu mstaafu alitoa kitabu kilichofungwa kwa gazeti, kitabu alichokiazima miaka kumi na mmoja iliyopita, akakiweka mezani, akatoka upesi. Walikuwa wengi wa namna hiyo. Kufikia saa nane vitabu vilivyorudishwa vilikuwa vimejaa mezani na kuanza kupangwa sakafuni, na mnong'ono wa mkutubi ulikuwa umelainika kidogo.

Hapo akaingia fundi bomba, mtu mzima, suruali imelowa hadi magotini. Hakuuliza kitu. Aliweka mezani jalada la kitabu lenye kurasa mbili zilizotafunwa.

"Nani amewaambia?" akasema.

Pia alilitazama lile jalada. Kilikuwa kitabu cha ufugaji wa mbuzi.

"Shikamoo, mzee. Hakuna aliyetuambia."

"Marahaba. Usinifiche, binti. Jambo limetokea juzi nyuma ya nyumba yangu. Nilikiweka juu ya ndoo nikaenda kuchota maji, narudi, yule mbuzi jike anamalizia sura ya magonjwa. Aliyeona ni jirani yangu peke yake, mshonaji. Alisimama pale kwenye uzio akacheka. Leo naletewa meseji tatu!"

"Mzee, ile meseji ilikuwa jaribio. Niliyaandika mimi yale maneno, kwa upuuzi wangu tu. Yamewafikia watu elfu mbili na zaidi. Watazame hao wote."

Fundi aligeuka akaitazama foleni. Kila mtu alikuwa na simu mkononi. Akavuta pumzi, akakaa kwenye ukingo wa meza bila kukaribishwa.

"Basi nimekwisha," akasema polepole. "Nimetoka kumtukana sasa hivi. Mbele ya wateja wake. Nimemwita redio isiyozimwa."

"Umwombe radhi, mzee."

"Nimwambie nini? Kwamba kompyuta imebahatisha? Yule mama hata nikimwambia leo ni Jumatatu ataenda kuuliza kwanza."

Kabla hajamaliza, Pia alishasimama. Ni kweli alimwonea huruma. Na ni kweli pia kwamba asingeweza kukaa kwenye kiti kile dakika moja zaidi. Alimwomba mkutubi amshikie nafasi, akabeba mkoba wenye laptopu, na kutoka kabla hajanong'onezwa.

Fundi alitangulia na pikipiki, Pia akamfuata kwa baiskeli akikanyaga kwa nguvu zote. Walipofika mbele ya duka la mshonaji, alikata kona kwa pupa, mnyororo ukauma mguu wa suruali, na yeye na baiskeli wakalala chini mlangoni. Suruali ilichanika kutoka kwenye pindo hadi gotini. Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri nguo zao walisema "Pole!" kwa pamoja.

Mshonaji alikuwa mnene, futi ya kitambaa shingoni, pini mdomoni. Hakumtazama fundi hata kidogo. Pia alieleza yote akiwa amesimama, akipangusa mchanga viganjani. Mshonaji alitoa pini moja moja mdomoni, akazichomeka kwenye kifuko chake.

"Binti, huyu amekupa nini useme maneno haya?"

"Hajanipa kitu, mama. Nitajie namba yako nikuonyeshe programu yenyewe."

"Haya. Iandikie hivi: Fundi bomba hana adabu."

Pia alimtazama fundi. Fundi akainamisha kichwa. "Andika tu."

Akafungua laptopu juu ya meza ya kukatia vitambaa, akaandika. Safari hii aliifungua orodha, akaisoma, akaifunga, akaifungua tena. Namba moja tu, ya mshonaji. Akabonyeza.

Hakuna kilichotokea. Simu ya mshonaji ilikuwa juu ya cherehani, uso juu, na watu watano waliitazama kama wanaoikodolea macho sufuria ya maziwa. Nusu dakika ikapita. Kidole cha Pia kilirudi chenyewe kwenye kitufe. Akakiondoa. Akaifumbata mikono yote miwili nyuma ya mgongo. Fundi akakohoa. Pia alihesabu mpaka kumi, akaanza upya, akapotea kwenye kumi na saba.

"Imekufa?" mshonaji aliuliza.

"Inapanga foleni," Pia alisema.

Simu ikatetemeka. Mshonaji aliisoma kwa sauti, akairudia kwa sauti ya juu zaidi kwa ajili ya wateja, kisha akacheka mpaka akajipangusa machozi kwa pindo la gauni la mtu. "Kumbe kweli! Basi itume na kwake, aisome kila asubuhi."

"Nisamehe, jirani," fundi alisema.

"Nitafikiri." Macho yake yalikuwa yameshahamia kwenye mguu wa Pia. "Na wewe, unakwenda wapi na suruali hiyo? Ivue."

"Nina haraka, mama, wananingoja maktaba."

"Utakwenda mguu nje? Ivue."

Akaivulia nyuma ya pazia, akafungwa kitambaa cha mapazia chenye maua makubwa kama sahani, akakalishwa kwenye stuli. Bosi alipiga simu. Maktaba wakapiga. Akajibu kwamba anakuja, bila kueleza kinachomzuia. Kulikuwa na nguo mbili za wateja mbele ya suruali yake, na mshonaji hakuwa mtu wa kuruka zamu. Pia aliuangalia mlango, akaangalia saa, akaangalia mlango. Huku nyuma majirani hao wawili walikuwa wamefufua jambo jingine: bomba la uani kwa mshonaji, linalovuja kwa miezi minane sasa, ambalo fundi aliahidi kuja kulitazama "kesho". Walibishana kuhusu hiyo kesho mpaka fundi akachukua spana kwenye pikipiki na kwenda uani kimyakimya.

Ilipofika saa kumi alipewa suruali yake. Mshono ulinyooka kiasi kwamba ungedhani ilishonwa hivyo tangu mwanzo. Fundi alikuwa bado uani, mikono imelowa hadi viwikoni, anaitisha ndoo.

Maktaba foleni ilikuwa imekwisha. Mkutubi alikuwa peke yake katikati ya marundo ya vitabu, miwani juu ya kichwa. Pia alijiandaa kwa mnong'ono, lakini mama yule alimwekea tu vitabu sita mikononi na kumwonyesha rafu za mwisho.

Kwa hiyo akatembea. Alikwenda na kurudi, alipanda ngazi ndogo na kushuka, rundo moja likaisha akavamia jingine, na kwa mara ya kwanza siku hiyo kifua chake kililegea. Alikuwa amekaribia kumaliza alipohisi mtu nyuma yake.

"Binti," mkutubi alinong'ona, "historia hiyo umeipanga kwenye hesabu. Rafu nzima."

Pia alivitazama vile vitabu, akaanza kuvishusha.