Fundi Fumua Ajifunza Kujihurumia

Mtaani walimwita Fundi Fumua, naye hakukasirika. Alidhani ni sifa. Alikuwa fundi wa suti. Koti likishapigwa pasi, yeye hulitazama kwa jicho moja, akabetua midomo, kisha akachukua wembe na kufumua bega. Kazi zake alizifumua. Za binti yake, aliyeshona naye chumba kimoja, alizifumua zaidi. Binti alikuwa na mkono mzuri, na kila mteja alimwambia hivyo. Baba yake tu, ambaye ndiye binti alingoja kumsikia, hakumwambia.

Mkewe ndiye aliyechoka kwanza. Mume hali, halali, anaugulia tundu la kifungo. Akampeleka kwenye darasa la jioni, ghorofani juu ya duka la magodoro, ambako mwalimu mwenye sauti laini kama pamba aliwagawa watu katika aina tisa za tabia, kisha akawafundisha kujihurumia kwa njia ya Wabudha. Fundi akaambiwa yeye ni Aina ya Kwanza, Mkosoaji. Akarudi nyumbani kifua mbele, kama aliyeshinda mtihani.

Dawa yenyewe ilikuwa nyepesi: kaa, fumba macho, jitakie heri. Moyo ukilainika, mtakie heri umpendaye, kisha jirani, kisha hata adui. Mtu mwingine angeumaliza ukoo mzima kabla chai haijapoa. Fumua hakuvuka nafsi yake. Alijitakia heri, akahisi heri imekaa upande, akaifumua, akaanza upya. Miezi ikapita hivyo. Mchana alifunga duka ili ajipende, na wateja waliobisha hodi aliwafokea kwamba wanamvurugia upole.

Siku moja binti alisimama mbele yake na koti alilolishona peke yake, mwanzo hadi mwisho. Akamweleza kwamba fundi wa ng'ambo ya barabara amempa kazi, anatakiwa kesho. Ila akisikia hapa neno moja zuri, haendi.

"Subiri," baba akasema, macho kayafumba. "Bado niko kwangu."

"Na mimi ni wa ngapi, baba?"

"Wa pili. Usinichanganye."

Binti akalitundika koti, akachukua mkasi wake, akavuka barabara.

Fumua alijipongeza kwa kutopandisha hasira. Aliendelea kujipongeza mpaka cherehani ya binti ilipoanza kushika vumbi. Hapo mkewe, kwa upole ambao hakufundishwa na darasa lolote, akamwambia ameshajihurumia kiasi cha kuwatosha watu watatu. Sasa avae viatu.

Alivaa, akavuka. Binti alikuwa akipiga kola pasi. Fumua aliiona akiwa bado mlangoni: imepinda, unene wa uzi tu. Ulimi ukamwasha. Mkono ukaingia mfukoni mlimokuwa na wembe, ukakaakaa humo, ukatoka mtupu.

"Kola nzuri," akasema, kama anayemeza kidonge bila maji.

Binti akaitazama kola, akamtazama baba. "Imepinda, baba."

"Nimeona."

Kurudi, binti hakurudi. Alimsogezea kiti kwa mguu, akaendelea na pasi. Fumua akaketi, jasho likimtoka, mikono yake yote miwili ameikalia.