Kazi Yangu Ilikuwa Kuanguka

Juzi fundi alikuja kwa jirani kupunguza mlango uliokuwa ukikwama, na alipoanza kupiga randa, harufu ya mbao ikaingia hadi jikoni kwangu. Nilikuwa nimetoka kazini, miguu inawaka moto, sufuria ya chai mkononi. Nikaiweka chini, nikaketi. Watu wengine wakinusa maranda hukumbuka kitanda kipya au, Mungu apishe mbali, jeneza. Mimi hukumbuka judo.

Najua mnashangaa. Judo Makongeni? Ndiyo, Makongeni ya Nairobi, katika ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, kila Jumamosi saa nane mchana kwaya ikishamaliza mazoezi. Hatukuwa na yale magodoro maalumu. Tulikuwa na magunia yaliyojazwa maranda, yamepangwa sakafuni, na juu yake turubai la lori lililokazwa kwa kamba. Maranda yalitoka kwa mwalimu wetu, Mutiso, ambaye wiki nzima alichonga twiga na vifaru wa mbao katika kibanda kimoja kule Majengo. Judo alijifunza ujanani, kwa namna ambayo hakuwahi kutueleza vizuri, naye alituambia kwamba mwalimu wa judo huitwa sensei. Sisi tukamwita Sensa, kama ile ya kuhesabu watu. Hakutusahihisha. Nadhani alikuwa amechoka kutusahihisha mengine mengi.

Mama alipinga mwanzoni kwa sababu ya kule kuinama kabla ya kuanza mchezo. Alitaka kujua tunamwinamia nani. Kilichoniokoa ni neno moja. Kuanguka kwa utaratibu, kwa Kijapani, ni ukemi. Nilipomwambia kwamba leo tumefundishwa ukemi, yeye alisikia kukemea, akafurahi sana, maana kanisani kwetu kukemea mapepo ni kazi ya heshima. Kwa miezi kadhaa aliamini kwamba ndiyo shughuli yetu kule ukumbini, na makelele tuliyopiga yalimpa kila sababu ya kuamini. Sikuona haja ya kumharibia.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mwembamba, mwepesi, na kwa kweli nilijua kitu kimoja tu: kuanguka. Kidevu kifuani, pumzi nje, mkono upige turubai kabla mgongo haujafika. Mkono wangu ulipiga kwa mlio uliofanya watoto waliokuwa wakichungulia dirishani wadhani nimekufa. Kila mtu alitaka kufanya mazoezi nami kwa sababu nilimfanya aonekane hodari. Hapo awali Sensa mwenyewe ndiye aliyetuonyesha kuanguka, na alianguka vizuri sana, kisha akainuka kana kwamba kuna mtu amemvuta kwa juu. Lakini mwaka ule alianza kuniita mimi. "Nekesa, kuja uanguke, hawa waone." Nilikwenda, nikaanguka, wakaona. Kuangusha mtu lilikuwa jambo jingine kabisa. Sikuwahi kumwangusha yeyote, isipokuwa walionionea huruma.

Kwa hiyo mtaelewa nilivyojisikia Jumamosi ile, aliposimama mbele yetu na mkanda mmoja mkononi. Mikanda alitia rangi mwenyewe, ndani ya beseni, kwa rangi alizotumia kwenye vinyago, na huu ulikuwa wa rangi ya machungwa, umekolea huku na kufifia kule. Mkanda wa machungwa ulikuwa jambo kubwa pale kwetu. Aliyeuvaa alisimama mbele na kufundisha wadogo, na mashindano yakija alipambana na wenzake wa rangi hiyo. Mimi nilikuwa na wa njano, tena kwa miezi minne tu. Sote tulijua zamu ilikuwa ya Achieng', rafiki yangu wa mlango wa pili, aliyekuwa na wa njano kwa miaka miwili na aliyewabwaga wavulana mpaka wakaanza kumkwepa. Achieng' alikwisha kuanza kujifunga nywele upya ili aende mbele.

Sensa akataja jina langu.

Niliuvaa kwa sababu sikujua namna ya kukataa mbele ya watu. Tulipokuwa tukirudi nyumbani Achieng' alisimama kwenye bomba la maji.

"Manze, wewe hujawahi angusha mtu," akasema. "Hata mmoja. Sasa machungwa umepewa ya nini?"

"Sijui."

"Basi rudisha."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliongea kama mtu mzima aliyechoka. Siku mbili zilizofuata sikula vizuri. Niliona aibu kuwa na kitu cha mwenzangu, na niliogopa pia, kwa sababu wiki tatu mbele tulikuwa tumealikwa Buruburu kushindana na watoto wa huko, ambao walikuwa na magodoro ya kweli na mikanda ya dukani.

Jumanne, baada ya shule, nikauviringisha ule mkanda, nikautia kwenye mkoba, nikatembea hadi Majengo. Nilimkuta Sensa peke yake. Wachongaji wa vibanda vya jirani walikuwa wamefunga na kwenda, naye alikuwa amekaa kwenye kigoda akimsugua twiga kwa msasa, vumbi limemjaa nyusi.

"Nekesa? Mama anajua uko huku?"

"Anajua," nikadanganya. Nikauweka mkanda juu ya meza yake. "Sensa, hii si yangu. Ni ya Achieng'. Mimi sijui kuangusha mtu."

"Nani amesema?"

"Kila mtu anajua. Hata wewe unajua."

Akamlaza twiga chini taratibu. Kisha akasimama, akasukuma vifaa kando kwa mguu mpaka akapata nafasi katikati ya maranda. "Haya," akasema. "Niangushe mimi."

Nilimshika mkono wa shati, nikageuka, nikamweka nyongani jinsi alivyotufundisha, kama mtu anayejitwika gunia, nikavuta. Akaenda. Mtu mzima mzima alipita juu ya mgongo wangu, akatua kwa ubavu, mkono wake ukapiga sakafu na vumbi likatimka mpaka nikakohoa. Kwa nukta moja nilifurahi kuliko siku zote za maisha yangu. Halafu nikakumbuka jinsi alivyokuwa mwepesi.

"Umeona?" akasema kutoka chini.

"Umejiangusha."

"Umeniangusha vizuri."

"Umejiangusha, Sensa! Nilisikia ukiruka!"

Alijiviringisha akalala kwa upande mwingine, akaweka kiganja sakafuni, akavuta goti moja, na hapo akaishia. Paji la uso lilikuwa linametameta kwa jasho. Akatabasamu. "Haya maranda ni mazuri kukaliwa," akasema. "Hebu nipe mkono, mama."

Nilimtazama na nikakasirika kabisa. Baba yangu, tukishindana kupiga mweleka wa mikono mezani, alikuwa akijifanya ameshindwa, anapepea kiganja na kulia, "Umenivunja, umenivunja!" Nilimpenda kwa hilo nilipokuwa na miaka mitano. Sasa nilikuwa na kumi na mmoja, nimetembea kutoka Makongeni na jambo zito moyoni, na mwalimu wangu amekaa chini ananichezea mchezo uleule.

"Wacha kuniigizia," nikamwambia. "Mimi si mtoto."

"Sawa," akasema, bado chini. "Chukua mkanda wako. Jumamosi utafundisha wadogo kuanguka. Mimi nitakaa."

Niliunyakua pale mezani, si kwa kukubali, ila kwa sababu sikuwa na nguvu za kubishana tena. Nikatoka. Sikugeuka nyuma.

Jumamosi tulimkuta ukumbini ameketi kwenye kiti cha plastiki, ametulia kama kawaida, na kuanzia siku hiyo alifundisha akiwa kwenye kiti. Mimi nilianguka. Nilianguka mbele ya watoto wa miaka sita, wa saba, wale wasiotaka, wale wanaolia, mara thelathini, mara arobaini kwa mchana mmoja, na nikirudi nyumbani bega la kulia halikuweza kuinua kikombe. Nikitoka jasho rangi ya mkanda ilinichafua kiuno, na mama akauliza ni mapepo gani haya yanayoacha madoa. Kule Buruburu nilipambana mara tatu na nikashindwa mara tatu, ingawa refa alinisifu kwa jinsi nilivyoanguka. Achieng' alipata mkanda wake miezi mitatu baadaye, akaanza kuzungumza nami tena, lakini si kama zamani.

Niliubeba ule mkanda kwa miaka miwili na sikuupenda hata siku moja. Niliamini nimepewa kwa huruma, na huruma ya mtu huchosha kuivaa kila wiki. Nilipokwenda shule ya bweni nilifarijika. Watoto wakapungua, Mutiso akarudi kwao Ukambani, turubai likachukuliwa na watu wa kanisa kufunikia vyombo vya kwaya. Sikwenda kumuaga. Nilikuwa na hasira bado, hasira ile ndogo ya kitoto ambayo mtu hukua nayo bila kuikagua.

Siku hizi nafanya kazi katika chumba cha mazoezi ya viungo, hospitalini. Wagonjwa wangu ni watu walioanguka, au wanaoogopa kuanguka, na kazi inachosha kuliko watu wanavyodhani. Mwaka juzi alikuja mwashi mmoja, nyonga imeharibika kwa miaka mingi ya kubeba mawe. Tukamlaza kwenye mkeka, nikamwomba ajaribu kuinuka mwenyewe. Alijiviringisha upande mmoja, akaweka kiganja chini, akavuta goti, akaishia hapo. Jasho likamtoka. Kisha akatabasamu, akasema sakafu yetu ni safi sana, mtu anaweza hata kulala hapa.

Nimeona wanaume wengi wakisifu sakafu tangu wakati huo. Ndivyo wanavyofanya wanaposhindwa kuinuka na hawataki utambue. Lakini siku ile ilikuwa mara yangu ya kwanza, na ilibidi nimwombe mwenzangu amshike, nikatoka nje, nikasimama ukutani.

Kwamba Sensa alijiangusha, hilo sikukosea. Nilisikia akiruka. Nilichokosea ni kudhani kwamba kujiangusha kulikuwa kitu kidogo kwake. Mwaka mzima alikuwa ameniita mimi nianguke mbele ya wadogo kwa sababu nyonga yake ilikuwa imekataa, na nadhani, kwa kuwa hakuna atakayenithibitishia sasa, kwamba alihitaji mtu wa kushika sehemu ya kazi ambayo mwili wake ulikuwa umeiacha. Hakutafuta mwenye kuangusha. Wa kuangusha alikuwepo, Achieng'. Alitafuta mwenye kuanguka, na katika ukumbi ule mzima hakukuwa na aliyekuwa tayari kuliko mimi. Angeniambia hivyo tu, ningeuvaa mkanda ule kwa raha. Lakini nitamlaumuje? Mimi pia huwaficha watu ninapoumia.

Alichofanya badala yake ni kuruka juu ya mgongo wa mtoto, akijua vizuri atakavyotua, ili mtoto huyo aache kulia kwamba hawezi. Kisha akaomba mkono. Mkono tu, kitu ninachowapa watu nisiowajua siku nzima na kulipwa mshahara kwacho.

Vibanda vyote vya jirani vilikuwa vimefungwa. Sijui alikaa pale chini mpaka saa ngapi.