Mzee Yohana Alikataa Kutoka Ndani

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya miti nilitapika. Msinicheke. Tuliitwa kushusha mparachichi ulioegemea jiko la watu hapa Rumonge, na kila tawi lilipolia kra! niliruka nyuma. Shefu, ndivyo tulivyomwita mwenye kamba na mapanga, alinitazama akasema, "Rama, woga iko muzuri. Mutu asiye na woga simupi kamba yangu." Basi nikaajiriwa kwa ajili ya uoga wangu, na uoga wenyewe haujanitoka mpaka leo, nimestaafu na bega bovu.

Nyinyi vijana mnakuja na tronsoneze, huo msumeno wa injini, kelele kidogo, mti chini, mmeondoka. Sisi mti wa nyumbani hatukuuangusha, tuliushusha. Anapanda mtu mmoja, anaanzia matawi ya juu. Kila tawi linafungwa kamba kabla ya kukatwa, na kamba hiyo huku chini imezungushwa kwenye shina la mti mwingine, ili uzito ubebwe na shina, si mikono. Aliyeshika mwisho wa kamba anaachia polepole. Akiachia haraka, bati la watu limekwisha. Akikaza mno, tawi linayumba na kumrudia aliye juu. Hiyo ndiyo kamba kubwa, na Shefu hakumpa mtu. Mimi nilikuwa wa kamba ndogo, ya kupandishia vifaa. Tulikwenda Gitaza, tukakata matawi juu ya vichanja vya kuanikia ndagala, dagaa wa ziwa letu, huku akina mama wakitukaripia. Tulikwenda Kigwena, tukasafisha michikichi mizee iliyokuwa karibu na nyumba. Kote huko nilishika kamba ndogo nikimwomba Mungu.

Mwaka mmoja ziwa lilipanda likaingia kwenye viwanja vya watu. Mzee Yohana akatuita. Alikuwa na mkaratusi mrefu nyuma ya nyumba, nao ulikuwa umeanza kulalia chumba anacholala. Shefu alichomeka kijiti karibu na mizizi, kikazama chote kama kwenye uji. Alikichomoa, akakifuta kwenye suruali. Nikaona shingo yake inatoka jasho.

"Amahoro, muzehe," akamsalimia mwenye nyumba. "Huu muti haungoji mvua ingine. Toka, uende kwa jirani mpaka tumalize."

"Sitoki."

"Muzehe, muti uko juu ya kitanda chako!"

"Nimeuona. Kama kazi yenu ni ya uhakika, nitoke kwa nini? Na kama si ya uhakika, nimewaita wa nini?" Kiswahili chake kilikuwa cha Kigoma, kimenyooka, maana alikaa ukimbizini Tanzania karibu maisha yake yote.

Shefu akamwambia ni mpaka jioni tu. Loo! Hapo ndipo alipotonesha kidonda.

"Mpaka jioni?" Mzee Yohana akakaa kitako kwenye kizingiti. "Nilitoka hapa hapa nikiwa kijana. Mama alisema ni siku mbili tatu, mambo yatulie, hata sufuria tuliiacha jikoni. Nimerudi na mvi, nikakuta watu wengine wanapika."

Watu hao hawakuwa wezi. Nao waliambiwa kiwanja hakina mwenyewe. Wazee walikaa, wakasuluhisha, kiwanja kikagawanywa, kila mtu akajenga upande wake. Lakini tangu alipoezeka, Mzee Yohana hakuiacha nyumba hiyo tupu hata dakika moja. Mkewe alipokuwa hai walipokezana. Alipofariki, ilikuwa majirani wanamletea chumvi na sabuni, na misa anaisikiliza redioni.

Mimi nilisema tuondoke. Nilisema wazi, mbele yake: huyu mzee atatufia mikononi. Lakini kuondoka kulikuwa ni kumwachia mti umwangukie usingizini, na Shefu alilijua hilo. Alizunguka nyumba, tukafunga kamba ya pili kuuvuta mti upande wa pili, kwenye mchikichi ulionyooka. Kisha akaniwekea kamba kubwa mkononi.

"Shefu! Mimi?"

"Weye. Mimi naingia kukaa na muzehe. Utajua iko watu wawili ndani, basi utakamata vizuri."

Akaingia, mlango ukafungwa. Jamani! Nilitaka kukimbia. Nestori, mpandaji wetu, alikuwa tayari juu na panga lake, na matawi madogo yalishuka salama moja baada ya jingine. Likabaki lile nene lililokuwa juu ya kitanda. Nestori alipolikata, mti mzima uliguna na ardhi ikatikisika chini ya miguu yangu. Kamba ikakaza, ikaanza kuteleza kwenye shina, ikanichuna viganja. Nikajitupa chini na kamba yangu. Bega likalia, ndilo hili bovu. Na wakati huo huo nikamsikia Shefu anacheka ndani, wanapiga soga! Nilimtukana kimoyomoyo matusi ambayo siwezi kuyaandika. Tawi lilipita pembeni ya bati, likagusa kidogo, likashuka. Shina tupu, lililoshikwa na kamba ya pili, tulilimaliza jioni ile. Nililala kwenye tope nikilia kama mtoto.

Mzee Yohana alifungua mlango, akatazama mbingu pale palipokuwa na majani. Akauliza nani alishika kamba. Wakamwonyesha mimi, na tope langu.

"Kesho Jumapili," akaniambia. "Wewe ni Mwislamu, Jumapili huna pa kwenda. Njoo ukae ndani kwangu. Nataka kwenda kanisani."

Nilikwenda. Aligeuka nyuma mara nyingi njiani, nami nilisimama mlangoni anione. Misa ilipoisha alirudi karibu mbio, akakagua kila chumba, ndipo akanishukuru, murakoze.

Shefu alikwisha kufa, Mungu amrehemu. Bega lilinitoa kazini. Wengine wakistaafu wanapumzika, mimi kila Jumapili niko kwa Mzee Yohana, nakunywa chai yake, nalinda kuta. Hakuna mtu aliyewahi kuja kuzichukua.

Jumapili iliyopita alichelewa. Watu wa kanisani walipita wote, wakaisha. Jua likapanda. Nikasimama mlangoni, nikatoka mpaka barabarani, nikakumbuka nimeacha nyumba wazi, nikarudi mbio. Nilishamwona amegongwa na basi la kwenda Nyanza-Lac, nilishamwona ameanguka ufukweni.

Akatokea upande wa sokoni, taratibu, na fungu la ndagala kwenye karatasi.

"Ulikuwa wapi?" nikamfokea. "Unataka kuniua?"

"Nilikutana na watu, tukazungumza," akasema. Akatazama jua, akashangaa mwenyewe. "Rama, nimesahau nyumba kabisa."

Nilimgombeza mpaka majirani wakatoka nje. Yeye alikaa kizingitini akaanza kuchambua ndagala zake, anacheka tu.