Domina Aliporudi Kutoka Turku

Mwaka 1972 watu wa Afrika Mashariki walioishi Stockholm walikuwa wachache mno. Ukipiga chafya Spånga, wenzako wa Bredäng, upande wa pili wa jiji, walishajua una mafua. Kwa hiyo Domina aliposema anakwenda kutembea Ufini, habari zilienea kabla hajanunua tiketi.

“Ufini? Una nani huko?” waliuliza.

“Sina mtu. Nataka kuona tu.”

Walicheka. Kwao Ulaya ya kutembelea ilikuwa London, Roma, labda Ujerumani. Ila Domina ndivyo alivyokuwa. Alitokea Kamachumu, upande wa Bukoba, akapelekwa Uswidi na wamisionari kusomea malezi ya watoto, na masomo yalipokwisha akabaki. Mchana alifua na kupiga pasi mashuka katika kiwanda kimoja kikubwa cha udobi. Kila Jumanne jioni alivaa gauni lake la kitenge, akapaka mafuta mikono iliyobabuka kwa sabuni, akaenda kufundisha Kiswahili katika chama kimoja cha elimu ya watu wazima. Wanafunzi wake walikuwa Waswidi waliojiandaa kwenda kufanya kazi Tanzania: wauguzi, mafundi wa maji, mwalimu mmoja wa useremala. Mle ndani hakuwa mfua mashuka. Alikuwa mwalimu, na waliposimama kumwamkia shikamoo, uchovu wote ulimtoka.

Safari walipanga wawili, yeye na Jerioth, Mkenya kutoka Meru. Walikuwa wakikaa pamoja Bredäng, wakipika sufuria moja, wakiazimana makoti. Masomo ya Jerioth yalikuwa yamekwisha na kibali chake cha kukaa nchini kilikuwa ukingoni, kazi hajapata. Domina alimhangaikia kama mdogo wake wa tumbo moja. Ndiye aliyemnyooshea Kiswahili chake pia, wakifundishana jikoni huku wakimenya viazi.

Siku moja kabla ya safari, Jerioth akalala kitandani, kajifunika hadi kidevuni.

“Nimeshikwa na homa, Domi. Wewe enda tu.”

“Nikuache hivi? Hapana. Tutakwenda siku nyingine.”

“Tiketi ipotee kwa sababu ya homa? Enda, dada. Darasa lako nitalishika mimi. Nitasema umesafiri.”

Domina akampikia uji, akamwachia masomo ya wiki ile, akapanda meli asubuhi peke yake.

Bahari ya huko ilimshangaza kwa visiwa vyake. Vilikuwa vingi ajabu, vingine vidogo hata nyumba moja ilivijaza, na kila nyumba imepakwa rangi nyekundu na ina kigati chake. Meli ilipita katikati yake taratibu, kama mtu anayepita ukumbini kwa watu bila kutaka kuwasumbua.

Katika mji wa Turku alipanga chumba kwa mjane mmoja aitwaye Aune, aliyejua Kiswidi. Mji ulikuwa mtulivu, mto umepita katikati, majani ya miti yamegeuka manjano. Sokoni wanawake waliuza uyoga na samaki wa kukaushwa kwa moshi. Kifini chenyewe hakushika hata neno. Kilimpita masikioni kama maji. Watu walimtazama, kisha wakaangalia pembeni kwa haya. Hakuna aliyemgusa nywele, hakuna aliyemuuliza alijifunzia wapi kula kwa uma.

Lililomtatiza ni ukimya. Jioni Aune alimimina kahawa, akakaa naye mezani, asiseme kitu. Domina akadhani amemchosha mwenyeji. Kwao Kamachumu, mgeni ukimkalisha kimya namna ile ataondoka akisema kafukuzwa. Siku ya tatu akauliza, “Mama, nimekukosea?”

Aune akashtuka. “Kunikosea? Mimi nilikuwa nafurahia kukaa nawe.”

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Baadaye Aune akampeleka kwenye sauna, kijumba cha mbao nyuma ya nyumba, akamwaga maji juu ya mawe ya moto. Mvuke ukampanda Domina mgongoni, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ya dobi alihisi joto ambalo halikuwa la kazi. Akalia kidogo. Aune hakuuliza.

Wiki ilipokaribia kwisha akampigia simu Jerioth. “Nimepapenda huku. Ningekaa kidogo zaidi, ila darasa...”

“Kaa!” Jerioth alidakia. “Mimi nimepona, wanafunzi wanaendelea vizuri. Pumzika, dada, umechoka sana wewe.”

Domina akakata simu akimshukuru Mungu kwa kumpa rafiki.

Akaongeza siku, akarudi Jumanne, siku moja kabla ya ile aliyomwambia Jerioth. Hakupitia nyumbani. Alishuka melini na mikate myeusi ya Kifini aliyoinunua kwa ajili ya wanafunzi. Aliwaza atawahadithia safari yake, iwe ndiyo somo la siku hiyo.

Kutoka kwenye korido alimsikia Jerioth akifundisha. Akatabasamu, akafungua mlango.

Darasa zima likageuka. Jerioth, chaki mkononi, alikuwa amevaa gauni la kitenge la Domina. Birgitta, muuguzi aliyekuwa akienda Dodoma, akainuka, akamshika Domina mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga.

“Pole sana, mwalimu, kwa msiba wa mama. Mungu amlaze mahali pema.”

Aliyatamka maneno vizuri kabisa, kama Domina alivyomfundisha.

“Mama yupi?” Domina aliuliza. “Mama yangu mzima.”

Akamtazama Jerioth. Jerioth akatazama chini. Hapo ndipo alipoelewa, na mikate ikawa mizito mikononi. Akaiweka juu ya dawati la karibu, akatoka.

Jerioth akamkimbilia. “Domi, ngoja! Nilikuwa nifanye nini? Bila kazi wangenirudisha. Wewe una ile ya dobi.”

“Ukawaambia nini?”

“Kwamba umerudi nyumbani kuzika. Kwamba umeniachia darasa.”

“Ukamuua mama yangu, Jerioth.”

“Ni maneno tu!”

“Nilikupikia uji.” Alitaka kusema mengi, ndilo pekee lililotoka. “Ungeniomba.”

“Ungenipa?”

Domina akageuka kuondoka, kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo. Angempa, na lingemuuma, lakini angempa.

Kesho yake akaenda kwa Ingegerd, mkuu wa kile chama, akamweleza kila kitu. Ingegerd aliona haya mpaka shingo ikawa nyekundu, akasikitika sana. Kisha akasema mkataba wa Jerioth umeshatiwa saini hadi mwisho wa muhula, na kwamba labda mambo haya ni bora wakayamaliza wenyewe kwa wenyewe, kidada. Domina alitoka mle akiwa amepigwa mara mbili.

Akahamia Sundbyberg kwa Clementina, Mtanzania mwenzake aliyekuwa na chumba cha ziada. Miezi mingi hakula chakula kilichopikwa na mtu mwingine bila kujiuliza mpishi anataka nini. Birgitta alimfuata huko kujifunza kwa siri hadi alipoondoka kwenda Dodoma, na hiyo ilimsaidia kidogo. Baadaye akaacha kazi ya udobi, akasomea kuuguza wazee, kazi aliyoishika vizuri. Hakufundisha tena.

Jerioth alipata kibali chake. Waliendelea kukutana kwenye ubatizo na sherehe za uhuru, maana katika mji ule mtu hakwepeki. Mwaka 1978, walipokuwa wakitoka katika arusi moja Spånga, Clementina alimuuliza kama ameshamsamehe.

“Akiniamkia naitikia,” alisema Domina, akifunga vifungo vya koti. “Lakini naishi ghorofa ya ngapi, hajui. Na usimwambie.”