Mulima ulinikana mbele ya juri

Leo mulima ulinikana mbele ya juri.

Nilikuwa natetea, mbele ya maprofesa wa juri, kazi yangu ya kumaliza masomo ya filozofia. Nikaeleza: wale wa fenomenolojia walitufundisha kuanza na kitu namna kinatutokea. Kisha wanametafizikia wa leo wakauliza: kama hakimutokee muntu yeyote, je, hakiko?

Mufano wangu ulikuwa milima ya ng'ambo ya ziwa, kule Tanzania, yenye tunaona toka hapa hewa ikiwa safi.

Profesa mumoja, mugeni hapa Kalemie, akaenda dirishani. «Nionyeshe.»

Mwezi wa munane, wandugu! Vumbi, na moshi wa majani yenye wanachoma. Maji, kisha weupe mutupu.

«Basi unatetea kitu chenye hakiko?»

Nikajiona narudia mwaka.

Mama yangu alikuwa nyuma, kopo ya poda mukononi, anangoja kunimwagia tukimaliza, namna tunafanyia wenye kupita. Watazamaji hawaruhusiwe kusema. Yeye akasema.

«Papa Profesa, dada yangu anaishi chini ya ule mulima. Asubuhi aliniambia kwa simu, leo ni Kalemie ndiyo haiko.»

Juri ikacheka. Profesa hakucheka, aliandika.

Nimepita. Poda ingali masikioni.

Wa ng'ambo, mutujibu: saa hii tuko?