Vidole Vinne vya Pindo

Siku ya kuja kuchukuliwa cherehani yangu niliamka na hasira, nikaifuta vumbi kama vile yenyewe ndiyo iliyonikosea. Miaka thelathini na moja nimeikanyaga. Binti yangu ndiye aliyepata mnunuzi, mtu mwenye hoteli, na nilipouliza huyo atashona nini, akanijibu taratibu, "Mama, hatashona. Ataiweka mapokezi, juu yake vase ya maua."

Maua! Ila najua mwanangu ananitakia mema. Mgongo unauma, kutunga uzi kwenye sindano ni vita, na shule siku hizi zinaletewa sare za kiwandani. Nikasema haya, waje Ijumaa.

Lakini roho iliniuma. Huku nafuta nikajiuliza, hivi mimi nimefanya nini duniani? Wenzangu wamesafiri, wengine wamejenga ghorofa. Mimi nimeshona sketi za shule. Niliona aibu, sifichi.

Mara akaingia mama mmoja na binti yake wa miaka kama kumi na miwili, mrefu huyo, kidogo tu ainame mlangoni.

"Shikamoo, bibi," binti akasema.

"Marahaba. Leo sifanyi kazi, nafunga kabisa."

"Ni kushusha pindo tu, fundi," mama yake akanibembeleza. "Shule inafunguliwa Jumatatu."

Akatoa sketi ya bluu iliyopauka. Nilipoigeuza tu nikaijua kuwa ni kazi yangu. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyenifundisha kushona, na alikuwa mkali kwa jambo moja: nguo ya mtoto uiachie vidole vinne vya kitambaa ndani ya pindo, ili akirefuka ishushwe. Wateja walinisema eti sketi zangu nzito kama pazia. Mafundi wenzangu walinicheka. Mimi nikaendelea na vidole vyangu vinne.

"Sketi ni ya nani?" nikauliza.

Yule mama akacheka. Ana mabinti wanne, na kila mmoja amemzidi urefu aliyemtangulia. Sketi nilimshonea wa kwanza alipoingia darasa la sita, na kila aliyefika darasa hilo akairithi, ikashushwa kidogo. Sasa zamu ni ya kitinda mimba.

Nikafumua pindo. Kitambaa kilichobaki ndani hakikutosha hata kushika uzi.

"Hii imefika mwisho, mjukuu wangu. Mama akutafutie mpya."

Akatikisa kichwa. Akaitandaza sketi mezani, akapitisha kidole kwenye alama za mapindo ya zamani. "Mstari huu wa dada mkubwa. Huu wa dada wa pili. Hapa chini alipofikia dada wa tatu." Akaniangalia. "Sasa mimi, bibi, mstari wangu utakuwa wapi?"

Jamani! Niliinamia kikapu cha mabaki ya vitambaa nikijifanya natafuta, kumbe nafuta machozi. Halafu nikatafuta kweli. Mimi situpi kipande, hata mume wangu alikuwa akilalamika kwamba tunalala na matambara. Chini kabisa nikakipata kitambaa cha jora lile lile.

"Hiki hakijaona jua wala sabuni," nikamwonya. "Kitaonekana kipya."

"Si ndiyo vizuri? Watajua ni wangu."

Nikakaa, nikakanyaga, nikikiunga chini ya sketi. Katikati ya kazi wakaingia vijana wawili wa hoteli na kamba zao. "Shikamoo mama, tumefuata cherehani."

"Marahaba. Kaeni hapo kwenye benchi, nina mteja."

Wakakaa. Nilishona bila haraka, na moyo ukatulia. Nilimshukuru mama mkwe kwa ukali wake. Niliishukuru miguu yangu hii iliyovimba. Nilifikiria sketi zote nilizowahi kuziachia vidole vinne, na watoto waliorefuka ndani yake, nikafurahi kwamba kazi hiyo niliifanya mimi.

Nilipofika kwenye pindo, yule mama akaniuliza, "Fundi, mbona unaacha kitambaa kingi ndani? Huyu ndiye wa mwisho, hakuna wa kumrithi."

"Kwani yeye ameshamaliza kukua?" nikamjibu. Nikaacha vidole vinne.

Simu ikalia. Binti yangu. "Mama, wameshaichukua?"

"Wamenikuta na mteja."

"Mteja mmoja tu, mama?"

Nikamtazama yule binti. Alikuwa amejifunga sketi juu ya gauni lake, anazunguka, ule mstari wa bluu mpya ukiwa chini kabisa ya mistari ya dada zake.

"Mmoja tu," nikasema. "Na bado anarefuka. Waambie watafute meza ya kuwekea maua yao."